Maji ya Sinki

Darasa la pili la shule ya Kilfarna lilikuwa na watoto kumi na wanane. Kumi na sita walikuwa wakiandaliwa Komunyo ya Kwanza, na wawili walikuwa wakipaka rangi. Hao wawili, Nessa Tarpey na Hafsa Mahmood, walikuwa na meza yao nyuma kabisa, karibu na rundo la viatu vya mvua, na kila Bi Gilvarry alipofungua kitabu cha dini aliwapelekea kwanza karatasi na kopo la penseli, kama mtu anayewatupia kuku mtama ili wasimsumbue. Tangu Septemba walikuwa wamepaka vipepeo, vyura, meli na ramani ya Ireland mara tisa. Kufika Machi picha zilimwishia mwalimu, akawapa bila kuangalia ile ya Karamu ya Mwisho. Hafsa akampaka Yuda kijani kuanzia ndevu hadi ndara. Nessa akamchorea Petro miwani.

Shule yenyewe ilikuwa ya umma. Mishahara ililipwa na serikali, mafuta ya kupashia joto yalilipwa na serikali, hata karatasi ya chooni ilikuwa jasho la mlipakodi. Lakini kiwanja kilikuwa cha kanisa, askofu alikuwa mlezi wa shule, padri alikuwa mwenyekiti wa bodi, na shule ya karibu isiyo ya kanisa ilikuwa Castlemoy, dakika arobaini kwa gari usipokutana na trekta. Watu wa Kilfarna walipenda sana kusema, "Kama hupendi, si umpeleke mtoto wako kwingine?" Walisema hivyo kwa raha zote, kwa kuwa walijua kwingine hakupo.

Usidhani ni mji wa wacha Mungu. Katika familia zile kumi na sita, Jumapili ya kawaida ungezikuta tatu kanisani, na moja ilikuwa ya mpiga kinanda. Zilizobaki zilikuwa zimelala. Lakini Komunyo ya Kwanza ilikuwa habari nyingine. Kulikuwa na mama aliyekwishakodi gari refu jeupe, la kwenda mita mia tatu. Wengine walikodi jumba la upepo la watoto kurukaruka, na wasichana wa miaka minane walikuwa na miadi saluni ya kupuliziwa rangi ya kahawia, ili wampokee Bwana wakiwa kama wametoka likizo Uhispania.

Nuala Tarpey, mama yake Nessa, aliyaona yote hayo kutoka nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na aliyadharau kutoka moyoni. Yeye na mumewe Malachy walikuwa wameacha kanisa kimyakimya na hawakumbatiza mtoto wao. Walisema akikua atachagua mwenyewe. Na mtoto alipofika miaka minane alikuwa amekwishachagua: alitaka gauni.

"Si gauni tu," Nessa alimwambia mama yake. "Na kishela. Na mkoba mdogo."

"Na Mungu je?"

Nessa alifikiri. "Na yeye pia, kama anakuja na gauni."

Mambo yaliiva baada ya Pasaka. Bi Gilvarry, ambaye alikuwa mwalimu mkuu na hapohapo mwalimu wa darasa la pili, alitangaza kwamba mazoezi sasa yatafanyika kanisani, saa tatu kila siku, mpaka siku yenyewe. Wale wawili watakaa kiti cha mwisho na penseli zao. Nuala akaandika barua kwa bodi. Hakuomba makubwa: somo la dini liwe la mwisho katika siku, ili asiyelisoma aende kwao badala ya kuwekwa nyuma kama mwavuli wa mgeni.

"Barua ya familia moja ni lalamiko," Bi Gilvarry alimjibu, akitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Ya familia mbili ni ajenda. Hizo ndizo taratibu, Nuala. Sikuziweka mimi."

Familia ya pili ilitia saini palepale dukani, juu ya sanduku la vidonge vya kikohozi. Rukhsana, mama yake Hafsa, alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee, mwanamke mfupi mwenye haraka, na kalamu yake ilikuwa imening'inia shingoni.

"Nakwambia kweli, dada," alisema, "wakikataa hii, namhamishia Hafsa Castlemoy. Sina nguvu tena za kupokea vipepeo. Mlango wa friji yangu umejaa."

"Na Nessa abaki peke yake kule nyuma?"

"Ndiyo maana hawatakataa. Tutakuwa wawili."

Nuala alimshika mkono. Alijua Nessa anavumilia meza ile kwa sababu moja, na sababu hiyo ilikuwa imekaa kiti cha pili.

*

Jumapili kabla ya kikao, Nuala alikuwa akitafuta kitambaa cha meza katika kabati la mama mkwe wake. Bibi Philo aliishi nao, chumba cha kando ya jiko, na ndiye aliyewapokea wasichana wote wawili kila siku shule ikifungwa mpaka mama zao watoke kazini. Hakutaka malipo. Rukhsana naye alikuja kila Jumanne kumfunga kidonda cha mguu, ambacho kilikuwa na miaka miwili na ukaidi wa mwenyewe. Ulikuwa mpango mzuri, na kila mtu aliyeusikia aliusifu.

Nyuma ya makoti Nuala alikuta gauni jeupe ndani ya nailoni, na kishela, na glavu ndogo kama za mwanasesere. Kibandiko cha bei bado kilikuwapo. Euro mia nne na themanini. Alirudi nalo jikoni amelibeba mbali na mwili.

"Mama, hili ni la nani?"

"La mtoto," alisema Bibi Philo bila kuacha kumenya viazi.

"Mtoto gani?"

"Kwani una wangapi wewe?"

"Hawezi kulivaa. Unajua hawezi. Hajabatizwa."

Bibi Philo aliweka kisu chini, akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio. Katika nyumba ile redio ilipunguzwa kwa vifo na uchaguzi tu.

"Nani aliyekwambia hajabatizwa?"

Nuala hakuelewa mara moja. Kisha akafuata macho ya mama mkwe wake, akaona yametua kwenye sinki.

"Alikuwa na wiki sita," Bibi Philo alisema. "Wewe ulikwenda kwa daktari wa meno. Nilitumia kikombe kile cha buluu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nilipima kwa kiwiko, kwa hiyo hapo usinilaumu. Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akapiga chafya. Basi."

"Basi?"

"Ulitaka niimbe?"

Malachy alikuwa mezani nyuma ya gazeti la mashindano ya farasi. Gazeti halikutikisika hata kidogo, na hapo ndipo mkewe alipomgundua.

"Malachy. Ulijua?"

"Nilihisi," gazeti lilisema. "Nilirudi nikamkuta mtoto kichwa kimelowa na mama anaimba."

"Na hukusema kitu miaka minane?"

"Ningesema nini? Mtoto alikuwa safi."

Kilfarna nzima ina bibi wa namna hiyo, na sinki za namna hiyo. Vijana wanarudi kutoka Dublin na misimamo yao, wanatangaza kwamba mtoto wao atakuwa huru, halafu wanamwacha kwa mama zao Jumamosi moja na kwenda kununua zulia. Wakirudi, kazi imekwisha. Nuala alilijua hilo, alikuwa amelicheka kwa wenzake dukani. Sasa alikaa kwenye kiti na gauni mapajani, na kusema kweli, pamoja na hasira zote, kuna kitu ndani yake kilitulia. Nessa angeweza kusimama mbele na wenzake. Nuala alijiona anawaza hivyo akaona haya.

"Na mwenzake pia," alisema Bibi Philo, akichukua kiazi kingine.

"Mwenzake nani?"

"Hafsa."

Gazeti lilishuka.

"Mama," alisema Malachy. "Hapana."

"Alikuwa na homa! Mwaka juzi, mnakumbuka ile baridi? Nilikuwa nampoza kichwa kwa maji, hapahapa. Kikombe ninacho mkononi, maji yanatiririka, maneno nayajua. Angefia mikononi mwangu ningemwambia nini Muumba?"

"Alikuwa na mafua, Mama!" Nuala alisimama. "Mafua! Yule ana dini yake! Ana wazazi!"

"Ndiyo, na ni watu wazuri sana," alisema Bibi Philo. "Sikutaka akose nafasi kwa ajili ya jambo dogo hivyo."

Ungemtukana vipi mtu wa hivyo? Hakuwa na chembe ya ubaya. Alikuwa ameiba mtoto wa watu na kumrudisha jioni hiyohiyo akiwa na biskuti mkononi, na dhamiri yake ilikuwa nyeupe kuliko lile gauni. Ndipo akatoa katika mkoba wake bahasha ya kwenda kwa Padri Lavelle, inayomwomba ayaandike majina yote mawili katika kitabu cha parokia, maana Mungu hapendi kazi ya nusu. Nuala aliichukua, akaichana vipande vinne, akavitia motoni. Bibi Philo hakubisha hata neno, na mwenye akili angeogopa hapo.

"Rukhsana asijue," alisema Nuala. "Mpaka Alhamisi ipite. Mnanisikia? Akijua hatakuja kikaoni, na bila yeye hakuna ajenda. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa."

Malachy alimtazama mkewe kama anayetaka kusema jambo, kisha akarudi kwa farasi.

*

Jumanne Rukhsana alikuja na mfuko wake wa bandeji. Alipiga magoti mbele ya Bibi Philo, akafungua kidonda, akakikunjia uso kana kwamba ni mtoto aliyerudi na alama mbaya.

"Bi Philo, umetembea."

"Nilikwenda mpaka kanisani tu jana, mwanangu."

"Jumatatu? Kuna nini Jumatatu?"

"Kuna Mungu," alisema Bibi Philo. "Yupo siku zote."

Rukhsana alicheka. Alikuwa na furaha siku ile. Alikuwa ameandika atakayoyasema kikaoni nyuma ya ratiba ya zamu, na huku akisafisha mguu alimsomea Nuala kwa kichwa: hatuombi upendeleo, hatuombi msalaba uondolewe, tunaomba tu watoto wetu wasifanywe wageni katika shule inayolipiwa na kodi zetu. "Niseme 'wageni' au niseme 'mizigo'? Mume wangu anasema 'mizigo' ni kali."

"Sema 'wageni'," alisema Nuala. Alikuwa amesimama kwenye sinki na mgongo umegeuka. Kikombe cha buluu kilikuwa mbele yake, kimefudikizwa kwenye kikaushio cha vyombo, sikio lake limevunjika. Sasa hivi, alijiambia. Mwambie sasa hivi, kabla hajamaliza kufunga. Alifungua mdomo.

"Unataka chai?" akauliza.

"Nikimaliza. Bi Philo, tulia, usinichezee."

"Mikono yako ina baraka, mwanangu," alisema Bibi Philo, na alimaanisha.

*

Kikao kilikuwa darasani, kwa sababu chumba cha walimu kilikuwa kinapakwa rangi. Wajumbe walikuwa wamekwishakalia viti vya watu wazima. Wale mama wawili walipewa viti vya darasa la kwanza, wakakaa magoti yakiwa karibu na kidevu, wakilazimika kuwatazama wajumbe kutoka chini. Bi Gilvarry alimsogezea Rukhsana sahani ya sandwichi, akakumbuka kwamba zina nguruwe, akairudisha haraka kama iliyomwunguza, akamletea biskuti moja kwenye leso. Kisha akamtabasamia mpaka biskuti ikaliwa.

Rukhsana alisoma maneno yake. Alisema "mizigo". Alisoma vizuri, bila kutetemeka, na alipomaliza Padri Lavelle aliguna kwa namna ambayo ingeweza kuwa huruma. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye parokia tano na gari moja bovu. Aliyefuata kusema alikuwa Bwana Scahill, mzika maiti wa mji, ambaye aliwawakilisha wazazi kwa sababu hakuna mzazi mwingine aliyetaka kuja.

"Padri," alisema Scahill, "kabla hatujaenda mbali. Lile jambo uliloshauriana na Bi Gilvarry. Si linahusu?"

"Sidhani kama hapa ni mahali pake," alisema Padri.

"Ni ajenda ya nne. Hapa hasa ndipo mahali pake."

Padri alikizungusha kikombe chake cha chai. "Bi Philomena Tarpey alinijia sakristia Jumatatu," alisema bila kumtazama mtu. "Haikuwa kitubio, vinginevyo nisingefungua mdomo. Alitaka majina yaingizwe kitabuni. Anasema Nessa alibatizwa akiwa mchanga. Nyumbani, kwenye sinki, kwa kikombe cha buluu. Kwa mujibu wa kanuni, maji yakitiririka na maneno yakatamkwa, ubatizo ni ubatizo. Haufutiki."

"Hilo ni la familia yangu," alisema Nuala. "Saini ni yangu. Na saini haijabatizwa."

"Lakini, Nuala mpenzi," alisema Bi Gilvarry, "unalalamika kwa niaba ya mtoto asiye Mkatoliki, na mtoto ni Mkatoliki. Kitaratibu hapo pana tatizo."

"Basi inabaki familia moja," alisema Scahill. "Na familia moja ni..." Hapo akashindwa kujizuia. Mtu anayezika watu siku sita hupata nafasi chache za kuchekesha. "Ila hata hiyo moja, kwa jinsi ninavyosikia! Bi Philo hakuacha kiporo! Kumbe darasa lote la pili ni letu, kuanzia dirishani mpaka ukutani! Ajenda imejifuta yenyewe!"

Mtu mmoja alicheka puani. Rukhsana aliwatazama mmoja mmoja, akiwa bado na tabasamu dogo la adabu, la mtu anayesubiri aelezwe utani.

"Samahani," alisema. "Nani mwingine kabatizwa?"

Ukutani, juu ya kichwa cha Scahill, zilibandikwa picha za mwaka mzima, na Yuda wa kijani alikuwa miongoni mwao.

"Nani mwingine, Padri?"

"Mama," alisema Padri Lavelle, na sasa alikuwa mwekundu mpaka shingoni, "nakuapia sitaliandika jina la binti yako popote. Yule ni bibi mzee. Alidhani mtoto anaumwa. Lilikuwa kosa, kosa kubwa, na nimemwambia hivyo."

"Lakini umesema haufutiki."

Padri aliangalia chai yake.

Rukhsana aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni na kusimama. Kwa kuwa kiti kilikuwa kifupi mno, ilimbidi aegemee meza, na Bi Gilvarry akanyoosha mkono kumsaidia. Mkono ukabaki hewani.

"Sisi tunatawadha mara tano kwa siku, Padri," alisema. "Uso, mikono, kichwa, miguu. Sasa hayo maji ya kikombe kimoja cha Bi Philo yalibaki wapi?"

Scahill aliacha kucheka. Rukhsana alimgeukia Nuala, na sauti yake ikashuka.

"Ulijua?"

Nuala alikuwa na maneno mengi usiku na mchana. Alikuwa na maneno kuhusu askofu, kuhusu wizara, kuhusu rangi ya kahawia ya saluni. Pale aliitikia kwa kichwa tu.

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Jumanne nilikuwa kwako," alisema Rukhsana. "Ukaniuliza kama nataka chai."

Akatoka. Bodi ilikaa dakika kumi zaidi. Ajenda ya nne iliahirishwa mpaka baada ya likizo, itazamwe na kamati ndogo, na kamati ndogo ikaahirishwa mpaka ipate wajumbe. Lakini ili ionekane kwamba malalamiko yamesikika, wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kununua penseli mpya za rangi, zile nzuri za Kijerumani, za kopo la bati.

*

Nuala alimkuta Rukhsana kwenye maegesho, ameketi ndani ya gari na mlango wazi, hajaliwasha. Jua lilikuwa bado juu ya mnara wa kanisa.

"Ningekwambia Ijumaa," alisema Nuala.

"Ijumaa!"

"Nilihitaji tushinde kwanza. Kwa ajili yao wote wawili. Mimi nimepigana na hawa watu mwaka mzima, Rukhsana, unajua nimepigana."

"Umepigana, ndiyo. Umepigana sana." Rukhsana alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Ngoja nikwambie jambo, dada. Bi Philo aliamini. Aliona mtoto ana homa, akampa kitu kikubwa kuliko vyote alichokuwa nacho, bila kuniuliza, na nimemkasirikia mpaka kichwa kinaniuma. Lakini aliamini. Wewe huamini chochote, na bado umemtumia mwanangu. Hawa walihesabu vichwa vya watoto ili washinde. Na wewe ulihesabu saini."

"Si sawa kunifananisha nao."

"Sikufananishi. Wao sikuwahi kuwaita dada."

Alifunga mlango, taratibu, kama anavyofunga milango ya wagonjwa waliolala.

*

Jumatatu asubuhi Bi Gilvarry, kwa hiari yake na kwa moyo mkunjufu, alimhamishia Nessa mstari wa mbele. Saa nne Nuala alikuwa amekwishapata habari, akaacha kaunta, akavuka barabara na aproni yake na kuingia darasani bila kubisha hodi.

"Arudi alipokuwa," alisema.

"Mama, hapana," alisema Nessa. "Mama, tafadhali."

"Kama unavyopenda," alisema Bi Gilvarry. "Sisi hatumlazimishi mtu dini hapa."

Watoto kumi na sita waligeuza shingo kumtazama Nuala akimwongoza binti yake nyuma kwa mkono. Meza ilikuwa palepale, karibu na viatu vya mvua. Juu yake kulikuwa na kopo jipya la bati, halijafunguliwa. Kiti kilikuwa kimoja.

"Hafsa ameanza Castlemoy leo," alisema Bi Gilvarry kutoka mbele. "Nilidhani unajua."

Nessa alikaa. Hakulia; kilio Nuala angekimudu. Alifungua kopo, akachagua penseli ya kijani, akaanza kupaka karatasi nzima bila kufuata mstari wowote.

*

Jumanne hakuna aliyemtarajia Rukhsana. Malachy alikuwa ameanza kuulizia muuguzi wa wilaya, na alikuwa ameambiwa kuna foleni ya wiki saba. Bibi Philo alikuwa ameketi tu kwenye kiti chake na mguu juu ya kigoda, redio imezimwa kabisa. Tangu Alhamisi alikuwa akiuliza kila jioni yule mtoto mwingine atakuja saa ngapi, na kila jioni walimbadilishia mazungumzo.

Saa kumi na moja gari lilisimama nje. Rukhsana aliingia kwa mlango wa nyuma na mfuko wake, bado na sare ya kazi. Alimpita Nuala kama mtu anavyopita kabati.

"Habari za mguu, Bi Philo?"

"Unauma, mwanangu."

"Lazima uume. Bandeji hizi ni za Jumanne iliyopita. Kidonda hakina dini, hakijui kama nimekasirika."

"Nilifikiri hutakuja tena."

"Na mimi nilifikiri hivyo."

Akafungua bandeji. Zilikuwa zimegandamana na nyama, hazikubali kutoka, na Bibi Philo akauma midomo. Zilihitaji kulowanishwa kwanza. Rukhsana aliinuka, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akayapima kwa kiwiko mpaka yakawa ya uvuguvugu. Akatazama kwenye kikaushio. Akachukua kikombe cha buluu, akakijaza, akarudi nacho, akapiga magoti.

Bibi Philo alikiona kikombe. Alirudi nyuma kwenye kiti na mikono yake ikashika pembe za aproni.

"Usiogope, Bi Philo," alisema Rukhsana. "Sitatamka neno."

Akamimina, polepole, kuanzia gotini. Maji yalishuka mguuni yakaingia kwenye beseni, na jikoni hakuna kilichosikika isipokuwa hayo. Bibi Philo aliyatazama mpaka tone la mwisho, midomo yake ikicheza bila sauti, kisha akaanza kulia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi.

"Tulia," alisema Rukhsana. "Tulia, mama. Ni maji tu."

Nuala alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Hakuna aliyemwomba.